Gundi Inayomaliziwa na Jua: Vigae vya Lami Mbele ya Upepo

Kigae cha lami ukikishika ncha moja kinaning'inia kama chapati. Hakina ugumu wa kigae cha udongo wala mlio wa bati. Unene wake ni milimita chache, kisu cha mkononi kinakikata, na fundi hukipigilia kwa misumari minne tu. Hata hivyo ndicho kinachofunika nyumba nyingi za familia Marekani na Kanada, na nyingi kati ya hizo huvuka msimu wa dhoruba bila kupoteza hata kimoja. Nyingine katika mtaa huohuo, zilizoezekwa kwa vigae vya kiwanda kilekile, hupambazukiwa zimenyonyolewa kama kuku. Kusema kwamba upepo ulikuwa mkali hakuelezi tofauti hiyo, maana upepo ulipita juu ya nyumba zote mbili.

Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kigae hiki ni Henry Reynolds, mwezekaji wa Grand Rapids, Michigan. Mwaka 1903 alichukua karatasi nzito ya lami iliyokuwa ikiuzwa ikiwa imeviringishwa na kutandazwa juu ya paa kama mkeka, akaikata vipande vidogo vya kupangwa kwa safu. Wakati ule paa la kawaida lilikuwa la vigae vya mbao, na mbao zilikuwa zikiteketeza mitaa mizima, kwa kuwa cheche moja ikirushwa na upepo ilitosha. Kampuni za bima za moto zilipiga kampeni dhidi ya mbao, na kigae cha lami, kilicho chepesi na cha bei nafuu, kikachukua nafasi.

Ndani yake kuna tabaka tatu. Katikati kuna mkeka, ambao mwanzoni ulitengenezwa kwa matambara, kisha nyuzi za mbao na karatasi, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ukawa zaidi na zaidi wa faibaglasi. Mkeka huo hupakwa lami pande zote mbili. Lami yenyewe hupulizwa hewa kiwandani ikiwa ya moto sana ili iwe ngumu, jua lisiitiririshe, kisha huchanganywa na unga wa mawe ya chokaa ambao kwa uzito waweza kuizidi lami. Juu hukandamizwa punje za mawe zilizopakwa rangi na kuchomwa kama vyungu. Watu wengi hudhani punje hizo ni pambo. Kazi yake ya kwanza ni kuikinga lami na miale ya jua, na zikipukutika mahali, hapo lami hukauka, hupasuka na kuzeeka kabla ya wakati.

Kuhusu maji, kigae cha lami hakina siri kubwa. Aliyewahi kumtazama fundi wa makuti anaijua kanuni yote. Unaanzia chini, kwenye ukingo wa paa, unapanda safu kwa safu, na kila safu inalalia ile ya chini yake. Paa la namna hii haliyazuii maji bali linayasindikiza. Kigae cha kawaida chenye upana wa sentimita 30 hivi huonyesha sentimita 13 tu, na sehemu kubwa imefichwa chini ya wenzake. Ndiyo maana mteremko ni sharti. Kwa kila hatua 12 za mlalo paa liinuke angalau hatua 4. Likiwa kati ya 2 na 4, karatasi inayotandazwa chini ya vigae iwekwe mara mbili, na likishuka chini ya 2, vigae hivi visitumike kabisa, kwa sababu maji yatasita na kupenya kurudi nyuma.

Kuna jambo moja hapa linalomhusu msomaji wa Afrika Mashariki, ambako vigae hivi vimeanza kuonekana kwenye nyumba chache za Nairobi na Dar es Salaam. (Visichanganywe na mabati yaliyonyunyiziwa punje za mawe, ambayo ukiwa mbali yanafanana navyo.) Bati lina nguvu zake lenyewe, hivyo hulala juu ya papi na kuvuka nafasi iliyopo kati ya papi moja na nyingine. Kigae cha lami hakiwezi. Kinataka kitanda kizima cha plaiwudi au mbao zilizobanana juu ya kenchi, na fundi anayekupa hesabu ya vigae bila hesabu ya plaiwudi hajakupa hesabu ya paa.

Sasa upepo. Vigae vya mwanzo vilishikwa na misumari pekee, na misumari huwekwa sehemu ya juu ya kigae ili safu inayofuata iifunike na maji yasiifikie. Maana yake ni kwamba ukingo wa chini, ule unaoonekana, ulikuwa huru. Upepo ukija kutoka chini ya mteremko unaukuta ukingo huo, unaingia chini yake, unauinua na kuukunja kuelekea juu. Kigae hukatika kwenye mstari wa misumari, na misumari yenyewe hubaki imara mahali pake bila cha kushika.

Dawa iliingia sokoni katika miaka ya 1950, nayo ni mstari wa gundi ya lami unaopakwa kiwandani juu ya kila kigae. Fundi akishapigilia, jua hulipasha paa, gundi hulainika, na kigae cha juu hunata kwenye cha chini. Vigae visigandane vikiwa bado kwenye furushi, kila kimoja huwekewa utepe mwembamba wa plastiki mgongoni. Wanaoanza kazi huhangaika kuubandua utepe huo wakidhani ni lazima, kumbe vigae vikishapangwa kwa safu hauko tena mkabala na gundi.

Fikiria maana ya mpango huo. Kiwanda kimekabidhi hatua ya mwisho ya ujenzi kwa jua. Fundi akishuka ngazi na kulipwa, paa bado halijakamilika. Likiezekwa Juni huko Georgia, litajifunga lenyewe baada ya siku za joto. Likiezekwa Novemba huko Minnesota, hasa upande wa kaskazini ambako jua la majira ya baridi haligusi, litakaa wazi mpaka joto lirudi, na katika miezi hiyo vumbi litatua juu ya gundi. Gundi iliyojaa vumbi huenda isinate vizuri hata jua likija.

Kwa miaka mingi wahandisi walilikadiria jambo hili vibaya. Walichukua mvuto wa upepo unaopimwa juu ya paa zima, ule ambao kweli hung'oa mabati na kupasua kenchi, wakadhani ndio unaokibeba kigae. Hesabu hiyo ilitoa nguvu kubwa kiasi kwamba kwa haki hakuna kigae kingebaki juu ya nyumba. Lakini vingi vilibaki.

Fumbo hilo lilifumbuliwa na kundi la Jon Peterka na Jack Cermak wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, waliochapisha kielelezo chao mwaka 1997. Vigae vimepangwa kwa kulaliana, navyo vina mianya midogo. Hewa hupita katika mianya hiyo na kusawazisha shinikizo juu na chini ya kigae, kwa hiyo ule mvuto mkubwa wa paa zima huangukia plaiwudi. Kigae chenyewe huinuliwa na jambo dogo na la karibu zaidi. Upepo unaoteleza juu ya paa hujikwaa kwenye ukingo wake, unaruka kidogo, na nyuma tu ya ukingo shinikizo hushuka huku chini ya ukingo likipanda. Kwa hiyo kinachoamua ni kasi ya upepo pale pale juu ya uso wa paa, na kama ukingo umeshikwa. Ukingo ulioshikwa hukabiliwa na nguvu ndogo ambayo mstari mwembamba wa gundi unaimudu. Ukiachia, hesabu yote hubadilika, kwa sababu sasa upepo una mahali pa kuingilia.

Kwangu mimi huu ndio ugunduzi mkubwa kuliko wote katika historia ya kigae hiki. Ulionyesha kwamba kukizidishia kigae uzito au kukipa sura ya kifahari si jibu. Jibu liko kwenye gundi.

Kutokana na kielelezo hicho kilizaliwa kipimo D7158 cha shirika la viwango la ASTM. Maabara huvuta ukingo uliogundishwa mpaka uachie, kisha nguvu hiyo hulinganishwa na nguvu ya upepo iliyokokotolewa. Daraja la juu, H, ni la upepo wa kilomita 241 kwa saa. Kipo pia kipimo cha zamani zaidi, D3161, ambacho hupuliza vigae kwa feni kwa saa mbili, na daraja lake la juu, F, ni kilomita 177 kwa saa. Nina pingamizi moja, nalo si dogo. Kabla ya kupulizwa, vigae vya majaribio hukaa saa 16 katika joto la nyuzi 57 hadi 60 ili gundi inate sawasawa. Ni vipya, safi na vimegundishwa kikamilifu. Namba iliyoandikwa kwenye furushi, basi, inaeleza paa katika siku yake bora kuliko zote.

Siku nyingine zikoje? Kimbunga Andrew kilipopiga kusini mwa Florida tarehe 24 Agosti 1992, vifuniko vya paa vilikuwa kati ya vitu vya kwanza kuondoka, na mvua ikamalizia kazi ndani ya nyumba ambazo kuta zake hazikuwa na ufa. Kanuni za ujenzi zilikazwa. Lakini vimbunga vilivyofuata viliendelea kuvua vigae kwa upepo uliokuwa chini ya ule ulioahidiwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, wakiwemo Craig Dixon na Forrest Masters, waliamua kupanda juu ya mapaa halisi ya watu na kuinua kingo kwa mikono, moja baada ya nyingine, bila kungoja kimbunga. Waliyoyachapisha mwaka 2014 yanapaswa kumkosesha usingizi yeyote anayeuza au kununua paa. Kwenye mapaa yenye umri walikuta vigae ambavyo gundi yake ilikuwa imeachia kwa sehemu, na ukiwa chini barabarani huoni chochote. Tena havikuwa vimetawanyika ovyo. Vilifuata mstari wa mshazari pale fundi alipopanga kwa mshazari, na mstari wa wima pale alipopanga kwa wima.

Mpangilio huo ndio uliomtaja mhalifu, maana upepo hauchori mistari inayofuata mkono wa fundi. Joto ndilo hufanya hivyo. Mchana vigae hutanuka, usiku hunywea, na palipo na kiungo kati ya vigae viwili vya safu ya chini, ncha zao huvutana huku na huku chini ya kigae kimoja cha juu. Gundi ya hapo huchoka kidogo kila siku, kwa miaka. Jua lililoifunga gundi ndilo hilo hilo linaloifungua.

Msumari nao una sehemu yake katika habari hii, na hapa lawama huanguka juu ya kazi ya mkono. Kanuni za Marekani zinataka msumari wa paa usioshika kutu, kichwa kisipungue milimita 9.5, na ncha izame angalau milimita 19 ndani ya mbao au ipite upande wa pili. Palipo na upepo mkali, misumari minne inakuwa sita. Lakini mahali msumari unapoingia ni muhimu kuliko idadi. Kwenye kigae cha tabaka mbili, yaani vipande viwili vilivyobandikwa pamoja kiwandani, kuna mkanda mwembamba, sawa na upana wa kidole kimoja au viwili, ambapo tabaka zote mbili zinalaliana. Msumari ukiingia hapo unashika tabaka zote pamoja na kichwa cha kigae cha chini yake. Ukipanda juu kidogo, kwa sababu fundi ana haraka na bunduki ya misumari haimngoji, unaikosa tabaka ya nyuma, na kigae kinabaki kimening'inia kwa nusu ya nguvu zake. Kompresa ikiwekwa shinikizo kubwa, kichwa cha msumari hutoboa kigae na kuzama. Likiwa dogo, kichwa hubaki kimesimama na kukizuia kigae cha juu kisilale juu ya gundi. Makosa haya yote hufunikwa dakika chache baadaye na safu inayofuata, na hakuna atakayeyaona tena mpaka siku ya dhoruba.

Kwa kuwa gundi itachoka siku moja, ujenzi bora wa sasa hauiachii mzigo wote. Taasisi ya IBHS, inayofadhiliwa na kampuni za bima, ina maabara huko Richburg, Carolina Kusini, yenye feni 105 zinazoweza kuipuliza nyumba nzima. Katika mpango wake wa FORTIFIED viungo vya plaiwudi huzibwa kwa utepe wa kunata, au kitanda kizima hufunikwa kwa tabaka linalonata, kabla ya kigae cha kwanza kupandishwa. Vigae vikiruka, maji hukutana na paa la pili. Naona huo ni uamuzi wa busara, kwa sababu unakubali jambo ambalo namba za kwenye furushi hazilisemi.

Mswahili aliyenunua nyumba Houston au Tampa anaweza kulikagua paa lake bila maabara. Ampandishe fundi asubuhi ya baridi, si mchana, maana lami ya moto hunyumbulika na kudanganya. Ainue kingo kwa vidole taratibu, bila kulazimisha, hasa kwenye viungo, na aweke alama kila palipoachia. Dawa yake ni gundi ya paa ya kwenye kopo au mrija, vitone viwili chini ya kila ulimi (sehemu ya ukingo iliyo kati ya mkato mmoja na mwingine) wa kigae cha kawaida, kila kimoja ukubwa wa sarafu, kisha mkono ukandamize. Hivyo hivyo ndivyo paa linaloezekwa wakati wa baridi linavyotakiwa kumaliziwa, ulimi kwa ulimi. Ni kazi ya siku nzima au zaidi, na mara nyingi haimo kwenye bei aliyokutajia fundi. Muulize kabla hajapanda ngazi.