Mpiga kura mmoja wa Pugu, madaftari mawili

Kijana wa Pugu Kajiungeni aliyetimiza miaka 18 mwaka 2024 alitakiwa kuandikishwa mara mbili ndani ya miezi sita. Kati ya Oktoba 11 na 20 alikwenda kituo cha mtaa wake, akataja jina na umri, akatia saini kwenye daftari la karatasi ili Novemba 27 amchague mwenyekiti wa mtaa. Machi 17 hadi 23, 2025 akapanga foleni tena, safari hii mbele ya mashine ya BVR, inayoandikisha wapiga kura kwa alama za vidole. Akapigwa picha, akaweka vidole, akatoka na kadi ya kumchagulia diwani, mbunge na rais. Daftari la kwanza lilikuwa la TAMISEMI, la pili, yaani Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na yote mawili yalitegemea watendaji wa Jiji la Dar es Salaam.

Gharama ya kuliweka Daftari la Kudumu katika hali ya kisasa huzungumzwa kama bei ya mashine. Lakini mashine hununuliwa na Tume kwa fedha za Hazina. Halmashauri hutoa watu, vyumba vya madarasa, magari na muda wa mtendaji wa kata, ambaye wiki ya uandikishaji hasuluhishi mgogoro wa kiwanja wala hafuatilii usafi wa soko. Muda huo hauna kifungu kwenye bajeti ya uchaguzi, na ndiyo gharama ninayotaka tuipime.

Ili kuipima, tuanze na mashine zenyewe. BVR ilianza kutumika Makambako, Njombe, Februari 23, 2015, Tume ikiwa na mashine 250 tu kati ya 8,000 zilizokusudiwa. Kwa uhaba huo ikabidi zizungushwe mkoa kwa mkoa. Kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa Aprili 30, ikaahirishwa. Dar es Salaam ilifikiwa Julai 22, na foleni zilikuwa ndefu kiasi kwamba siku zikaongezwa hadi Agosti 4.

Hesabu ya foleni ni rahisi. Kituo hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, yaani saa 10. Tuseme mtu mmoja anachukua dakika 5, kuanzia kujaza fomu hadi kadi kutoka kwenye printa. Hao ni watu 120 kwa siku, 840 kwa siku saba. Printa ikigoma saa moja, watu 12 wanabaki kwenye benchi. Kata yenye watu 8,400 wa kuhudumiwa inahitaji mashine kumi zisizoharibika, kila moja na mwandishi msaidizi wake na mwendesha kifaa aliyepewa mafunzo. Kwenye karatasi, mtu akichukua dakika 2, dawati moja linaandika watu 300 kwa siku. Foleni ikizidi unaongeza meza, kaunta buku na posho ya mtu mmoja.

Ndiyo maana kwa siku kumi za Oktoba 2024 karatasi iliandikisha watu 31,282,331 nchi nzima, wakati mzunguko wa BVR ulianza Kigoma Julai 20, 2024 na kufika Dar es Salaam Machi mwaka uliofuata. Kwa kasi na kwa bei ya siku ile, karatasi ilishinda. Anayesema kila kitu kiwe cha kielektroniki lazima alikubali hilo kwanza.

Tatizo la karatasi huja baadaye. Aliyejiandikisha Pugu leo na Gongo la Mboto kesho hatagunduliwa na kaunta buku, ila mfumo wa alama za vidole utamnasa. Kinga ya karatasi ni orodha inayobandikwa ili majirani waikague na kuweka pingamizi. Kinga hiyo ni nzuri pale watu wanapofahamiana. Wilaya ya Ilala, ambamo Pugu imo, ilikuwa na wakazi 1,220,611 kwenye sensa ya 2012 na 1,649,912 mwaka 2022. Wapangaji wanahama kwa kodi ya miezi sita, na jirani wa chumba cha tatu hujulikana kwa jina la mama fulani tu. Hapo nani ataweka pingamizi? Kisha uchaguzi ukipita, majina yale hayaingii kwenye Daftari la Kudumu. Posho zimelipwa, mafunzo yamefanyika, gari la matangazo limezunguka hadi Pugu Mnadani, na miezi mitano baada ya uandikishaji huo kazi inaanza upya kutoka sifuri.

Hapo ndipo fedha za umma zinapopotea, na inaniuma kwa sababu zinapotea kwa utaratibu. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 2024 inaitaja Tume kama msimamizi wa uchaguzi wa mitaa, vijiji na vitongoji, ila kwa namna itakayowekwa na sheria nyingine ya Bunge. Uchaguzi wa Novemba 2024 ukaendeshwa na TAMISEMI.

Hoja ya wanaotetea daftari la pili ina uzito: mwenyekiti wa mtaa achaguliwe na wakazi wa mtaa, na kadi ya Tume inaonyesha ulipojiandikisha, si unapolala sasa. Ila taarifa ya nani amehamia tayari inapita mezani kwa mtendaji wa mtaa. Mpangaji mpya anayetaka kitambulisho cha NIDA, akaunti ya benki au kumdhamini ndugu yake polisi hufuata barua ya utambulisho hapo. Anaandikwa, anagongewa muhuri, na taarifa inabaki kwenye buku la ofisi.

Kuitumia taarifa hiyo kutakuwa na gharama yake. Marekani ilipopitisha sheria ya uchaguzi ya mwaka 2002, karibu kila jimbo lilitakiwa kuwa na orodha moja ya kompyuta, na serikali kuu ikatoa fedha za kuijenga. Kazi ya kila siku ya kufuta marehemu na kusahihisha anwani ikabaki, kwa sehemu kubwa, kwa ofisi za chini. Mzigo wa namna hiyo ukija Pugu bila fungu lake, utaangukia mapato ya ndani ya Jiji.

Kwa hiyo ningeanza na mtendaji wa mtaa: simu janja ya ofisi, fomu moja ya kuhama na kufariki inayokwenda kwa Afisa Mwandikishaji kila mwezi, na kifungu chake kwenye bajeti ya Jiji kila mwaka wa fedha. Mfumo wa mtandaoni uliotumika kwenye uboreshaji wa 2024 na 2025 tayari ulimruhusu mpiga kura kuanza kurekebisha taarifa zake kabla ya kufika kituoni, basi mtendaji apewe mlango wake humo. Orodha ya mtaa ya mwaka 2029 itolewe kwenye Daftari la Kudumu, ibandikwe ukutani kama kawaida, na meza ya karatasi ibaki kwa waliohamia karibuni peke yao.