Mavazi ya Wakubwa wa Zamani katika Michezo Yetu

Tulialikwa katika parokia moja, ambayo jina lake tunaliacha, kutazama mchezo wa vijana juu ya Uhuru wa Kongo. Ukumbi ulijaa. Akina mama walikaa mbele na watoto wao, wanaume walisimama kando ya ukuta. Vijana walikuwa wamejifunza maneno yao vema sana, nasi tuliwapigia makofi kwa moyo. Walakini tulirudi nyumbani tukiwa na neno moja, na ni afadhali kulisema wazi kuliko kulinong'ona. Neno hilo ni juu ya mavazi.

Mchezo ulianza na mwaka 1960. Lumumba aliingia amevaa kanzu nyeupe ndefu, akabaki nayo hata kufa kwake. Nyuma yake aliingia Mobutu, amevaa abakosti na kofia ya ngozi ya chui, na fimbo mkononi. Watu wakacheka papo hapo. Mzee mmoja aliyeketi karibu nasi, ambaye mwaka ule alikuwa kijana, hakucheka. Alituinamia akasema: «Huyu si wa mwaka ule. Huyu amekuja mapema.»

Mzee huyo alisema kweli. Mobutu alikuwa sajini katika Force Publique, jeshi la wakati wa ukoloni. Mwaka 1956 alitoka jeshini, akawa mwandishi wa magazeti. Uhuru ulipofika, alikuwa katibu wa serikali karibu na Waziri wa Kwanza Lumumba, kijana mwembamba wa miaka 29, mwenye koti na karavati kama wenzake. Mwezi wa Julai, askari walipoasi, alipewa cheo cha kanali, akavaa tena sare. Abakosti ilikuja baadaye, katika miaka ya mwanzo ya 1970, wakati wa siasa ya kurudia asili, nchi ilipokwisha kuitwa Zaire. Jina lenyewe limetoka katika maneno ya Kifaransa yaliyotaka koti la Kizungu liangushwe chini. Siku hizo mwanamume hakuruhusiwa kuvaa karavati, wala mwanamke suruali au nywele za bandia. Hata majina ya ubatizo yalikatazwa, na Kardinali Malula, kwa kuwa alipinga, ilimpasa kukaa Roma kwa muda mwaka 1972. Karavati ilipata ruhusa tena tarehe 24 Aprili 1990.

Basi, kumvika Mobutu abakosti katika mwaka 1960 ni kuruka zaidi ya miaka kumi. Mtu atasema: hilo ni kosa dogo la tarehe, mwalimu wa historia atalisahihisha. Sisi hatuoni hivyo. Kosa hili linaharibu moyo wa mchezo wenyewe.

Fikirini kidogo. Kofia ile ya chui inatuambia mwisho wa habari kabla ya mwanzo wake. Mara ilipoingia, watu walijua: huyu ndiye mbaya. Wakacheka, na kwa kucheka wakajitoa wenyewe katika habari. Hakuna aliyejiuliza, mtu huyu aliyeketi meza moja na Lumumba, aliyekuwa rafiki yake, aligeuka kwa hatua gani? Siku gani alichagua? Katika mchezo ule hakuchagua kitu, maana fundi wa kushona alikuwa amekwisha kumhukumu.

Katika michezo yetu ya Mateso hatufanyi hivyo. Hakuna anayemvika Mtoto Yesu taji la miiba katika pango la Bethlehemu. Na mezani, Bwana aliposema kwamba mmoja wao atamsaliti, mitume waliulizana ni nani. Kama Yuda angalivaa vazi la msaliti, wasingaliuliza. Alivaa kama wao, na hiyo ndiyo sababu habari yake inatutia hofu hata leo.

Na Lumumba je? Kanzu nyeupe ilikusudiwa kumpa heshima. Sisi twaona ilikuwa kilemba cha ukoka. Lumumba alikuwa karani wa posta huko Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Wakati ule Mkongo aliyetaka kuhesabiwa miongoni mwa wale walioitwa évolués alipimwa kwa shule yake, kwa nyumba yake, kwa desturi zake. Koti lililopigwa pasi, miwani, nywele zilizotengwa kwa mstari, ndevu fupi za kidevuni: hayo hayakuwa mapambo matupu. Yalikuwa kama neno la mtu anayesema, nami ni mtu mzima, niheshimuni.

Kisha tazameni siku yenyewe ya tarehe 30 Juni 1960, katika Jumba la Taifa, Léopoldville. Lumumba alisimama mbele ya Mfalme Baudouin, amevaa koti jeusi na karavati fupi ya kipepeo. Kifuani mwake, toka begani hata kiunoni, ulipita utepe mpana wa nishani ya Taji, nishani ya Ubelgiji. Na akiwa na utepe huo alitaja matusi na mapigo ambayo Wakongo waliyapata chini ya Wabelgi. Je, mtunga michezo gani angeweza kubuni jambo kubwa kuliko hilo? Anabeba heshima ya mfalme kifuani, naye anamwambia mfalme maneno machungu. Vijana wetu waliuondoa utepe, labda kwa kuona haya kwamba shujaa alivaa kitu cha Wabelgi. Walipouondoa, waliondoa nusu ya maana ya hotuba.

Zaidi ya hayo, kanzu isiyobadilika inaficha njia ya mateso yake. Mwezi wa Januari 1960 alitolewa katika gereza la Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akaenda kwenye mkutano wa Bruxelles. Alifika na koti zuri, walakini vifundo vya mikono yake vilikuwa na bandeji kwa sababu ya pingu. Mwezi wa Juni alivaa utepe. Mwezi wa Desemba, baada ya kukamatwa huko Sankuru, picha zinamwonyesha ndani ya lori la askari, amevaa shati tu, mikono imefungwa nyuma. Rajeshwar Dayal, mjumbe wa Umoja wa Mataifa, aliandika katika taarifa yake kwamba shati lilikuwa limechafuka na miwani haikuwapo. Bandeji, utepe, miwani iliyopotea: vitu vitatu vyasimulia mwaka mzima bila kusema neno. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga pamoja na Mpolo na Okito. Mwili wake uliyeyushwa kwa asidi, na mwaka 2022 Ubelgiji ulirudisha jino moja tu, likazikwa Kinshasa. Mtu ambaye hata mwili wake ulifutwa, yafaa tumtunzie angalau sura yake ya kweli.

Raoul Peck alielewa jambo hili katika sinema yake *Lumumba*, ya mwaka 2000. Kwa kuwa Kongo ilikuwa vitani, picha zilipigwa Zimbabwe na Msumbiji. Barabara si zetu, kuta si zetu. Walakini Eriq Ebouaney anapoingia na miwani ile, na ndevu zile, na koti lile la karani aliyepanda cheo, macho yanakubali kwamba tupo Léopoldville. Mavazi yamefanya kazi ambayo majumba hayakuweza kufanya.

Tunajua mtajibu nini: «Sinema ina fedha, sisi tuna sanduku moja la nguo kuukuu.» Ni kweli. Lakini angalieni: kosa la mchezo ule halikutoka katika umaskini. Kofia ya chui ilitafutwa kwa taabu, na abakosti ilishonwa upya. Koti la kuazima kwa mwalimu lingalipatikana bure. Utepe ni kipande cha kitambaa. Bandeji hupatikana katika zahanati. Miwani kuukuu isiyo na vioo yatosha, mradi mchezaji aikose katika sehemu ya lori.

Wengine watasema: bila kofia, watu watamjuaje Mobutu? Mwenzake amwite kwa jina. Aimé Césaire, mwandishi wa Martinique, katika mchezo wake *Une saison au Congo* wa mwaka 1966, alimpa hata jina jingine, akamwita Mokutu, na watu walimtambua kwa matendo yake. Na kama ukumbi utashtuka na kusema, «Kumbe ndiye huyu kijana mpole mwenye karavati?», mshtuko huo ni mafundisho bora kuliko kicheko.

Kwa hiyo twawashauri viongozi wa michezo wajiulize maswali matatu kabla ya kumwita fundi. Ni mwaka gani na siku gani? Mtu huyu siku hiyo alikuwa nani, na alitaka aonekane nani? Vazi hili alilipata kwa nani? Wakikosa jibu, wawaendee wazee wa parokia, maana wako bado wanaoukumbuka mwaka 1960, na wengine wana picha zilizofungwa katika kitambaa chini ya sanduku. Wasingoje, kwa kuwa kila mwaka tunawazika baadhi yao.

Vijana wale watacheza tena. Tunawaomba wasitupe ile kofia ya chui. Waiweke pembeni, hata sehemu ya mwisho, mtu yule yule aliyeanza na karavati aichukue mwenyewe, mbele ya macho ya watu wote, na kuivaa. Hapo hatudhani kwamba atakuwako wa kucheka.