Tahakiki: Mississippi Masala Machoni pa Jinja na Mbale

Mwalimu anayetafuta filamu ya kufundishia dhamira ya ubaguzi wa rangi nchini Uganda hakosi kutajiwa Mississippi Masala (1991) ya Mira Nair. Jay, wakili mzaliwa wa Uganda, anafukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 pamoja na mkewe na binti yao, Mina. Miaka baadaye wanaishi Greenwood, Mississippi. Mina anampenda Demetrius, Mmarekani mweusi. Jay, aliyefukuzwa kwa sababu ya rangi, anamkataa kijana huyo.

Niliwaonyesha wanafunzi wangu Mbale. Demetrius alipomwambia Jay kwamba rangi zao hazipishani sana, darasa lilipiga makofi. Huo ndio ubaguzi, walisema. Nikawauliza, na ule wa 1972? Wakajibu kwamba hivyo vilikuwa vita vya uchumi. Istilahi ya Amin mwenyewe! Greenwood jambo hili lina jina; kwetu limejificha nyuma ya kaunta ya duka.

Filamu nayo ina lawama. Okelo, rafiki wa Jay, amesawiriwa mwema mno, na zaidi yake Waafrika tunaowaona ni askari hasa. Yuko wapi mkulima wa Busoga, aliyepeleka pamba yake kwenye vinu vya Wahindi chini ya sheria za mkoloni? Bila yeye, mwaka 1972 unabaki kuwa wazimu wa mtu mmoja. Pita barabara kuu ya Jinja, usome majina ya Kihindi na miaka iliyochongwa juu ya maduka. Mmoja anasoma alichonyang'anywa, mwingine anasoma alichonyimwa. Nair anatuonyesha wa kwanza tu, ingawa kwa ustadi mkubwa.

Lugha yetu pia haisaidii. Mina, aliyezaliwa Uganda, kwetu ni Mhindi tu, sawa na mgeni aliyeshuka Entebbe jana. Katiba ya 1995 inaorodhesha jamii za asili za Uganda, Wahindi hawamo. Ndiyo maana Jay akisema Uganda ni kwao, darasa linacheka.

Niliwataka wanafunzi wampe Mina jina. Mmoja kutoka Jinja akapendekeza "Mganda Mhindi". Mgisu mmoja akasimama kupinga: yeye mwenyewe, alisema, Mganda si jina lake.