Pongezi kwa Beda Amuli, Msanifu wa Kariakoo

Sisi wa Ngara, tuliozoea magulio ya chini ya miti, tunamwelewa haraka marehemu Beda Amuli. Alisomea usanifu majengo Technion, Israeli, lakini alipochora Soko la Kariakoo, lililofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1975, alirudi kwenye gulio la Kiafrika. Miavuli mikubwa ya zege imesimama juu ya nguzo kama miti, ikiwapa kivuli wauzaji na wanunuzi, huku hewa ikipita bila kizuizi. Elimu ya ugenini haikumsahaulisha kwao. Hongera zake, mzee wetu! Vijana wetu wanaosomea fani hii nao wauchunguze kwa makini msonge wa Wahangaza na Washubi wa hapa kwetu, kisha ndipo wachore.