Sifa ya Mstari Mmoja

Sarafu za shaba za Kilwa ni ndogo, lakini aliyezitengeneza alipata nafasi ya kutia vina ndani yake. Upande mmoja kuna jina la sultani. Upande wa pili kuna maneno ya kumtegemea Mungu, yaliyochaguliwa yafuate mlio wa jina lile, hata ukiigeuza sarafu kiganjani nyuma inaitikia mbele. Sarafu ya al-Hassan bin Suleiman, mjenzi wa kasri la Husuni Kubwa aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, imefukuliwa hadi Zimbabwe Kuu. Nyingine tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje huko. Majina ya masultani yamesafiri kwelikweli. La yule aliyekaa kitako akapima ni herufi ngapi zitaenea kwenye duara dogo kama lile, halimo.

Ninaotaka kuwasifu ni watu wa ukoo wa mchonga herufi yule, ingawa kazi yao ni ya juzi tu. Ni wale wanaorekebisha kihariri, yaani programu ambayo watu wengine huandikia msimbo wa maikrokontrola. Maikrokontrola ni kompyuta nzima iliyofungwa ndani ya chipu moja. Imo kwenye mita ya umeme ya LUKU, imo kwenye rimoti ya televisheni, imo kwenye mashine ya kufulia. Ili ifanye kazi lazima mtu aiandikie maagizo, na maagizo hayo huandikwa mahali. Hapo mahali pana wenyewe, nao hawatajwi.

Kihariri kinachojulikana zaidi na wanaojifunza ni cha Arduino, kilichotokea mwaka 2005 huko Ivrea, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia uliojulikana zamani kwa mashine za kuchapa za Olivetti. Massimo Banzi na wenzake waliipa bodi yao ya maikrokontrola jina la baa walimokuwa wakikutana, na baa yenyewe ilibeba jina la Arduino, bwana wa Ivrea aliyetawazwa mfalme wa Italia mwaka 1002. Mfalme tena! Lakini kihariri hakikuanzia pale. Mwaka 2001 Casey Reas na Ben Fry walianzisha Processing, kihariri chenye lugha yake, kwa ajili ya wasanii na wabunifu wasiotaka kuhangaishwa na kompyuta. Hernando Barragán, mwanafunzi kutoka Kolombia aliyekuwa akisoma hapo hapo Ivrea, akakichukua kihariri cha Processing akakielekeza kwenye maikrokontrola, akaiita kazi yake Wiring. Arduino ikajengwa juu ya Wiring. Mwaka 2016 Barragán aliandika mwenyewe habari ndefu ya jinsi ilivyokuwa, maana katika simulizi za watu alikuwa anaanza kufutika.

Kuandikia maikrokontrola kuna ugumu wake. Msimbo unauandika kwenye laptopu, lakini utakwenda kuishi kwenye bodi isiyo na kioo wala kibodi. Ukishaupakia kwa waya wa USB, umeuaga. Ukikosea, bodi haina mdomo wa kukwambia. Itanyamaza, au itafanya vitimbi. Kwa hiyo fundi humtegemea sana yule anayezungumza naye kabla ya kuagana, na huyo ni kihariri. Anayekiboresha kihariri sharti ajue jambo moja ambalo halifundishwi darasani: fundi, akiwa ameketi hapo na bodi yake, haoni nini?

Tuchukue kifaa ambacho mtu wa Kilwa Masoko anaweza kukitaka: kipimo cha kujaa na kupwa kwa maji kwenye gati. Mvuvi hakihitaji, yeye anahesabu siku za mwezi na anajua bamvua litaanza lini. Lakini mwalimu wa sekondari anaweza kukitaka kwa wanafunzi wake, na baada ya kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kila mtu wa pwani hii anaweza kutaka tarakimu zake mwenyewe. Vifaa si vya ghali: bodi ya Arduino Uno, kihisi kinachotoa mlio usiosikika na sikio na kusubiri mwangwi wake kutoka kwenye maji, na kioo kidogo cha mistari miwili yenye herufi 16 kila mmoja. Muda wa mwangwi kwa mikrosekunde ukiugawa kwa 58 unapata umbali kwa sentimita. MAJI YANAJAA yanaenea kwenye kioo. MAJI YANAKUPWA yanaenea. BAMVUA LIMEANZA inachukua nafasi 15, inabaki moja. Hapa fundi anaonja taabu ya mchonga sarafu.

Zaidi ya hayo fundi anataka kifaa kitume maelezo marefu kwenye kompyuta ili yahifadhiwe: sentensi kamili, za Kiswahili kizuri, kwa kila hali ya maji, saa na hitilafu. Anaandika sentensi arobaini. Anapakia. Kifaa kinafanya kazi dakika chache, halafu kinajizima na kujiwasha. Mara kioo kinaonyesha herufi za ajabu. Mara kinapima vizuri, mara kinasema maji yako mita sifuri. Fundi anashuku waya. Anashuku chumvi, na ana haki, maana upepo wa baharini hula lehemu na pini za kihisi haraka. Anasafisha, analehemu upya, anabadilisha betri. Hali ni ile ile.

Kosa halipo kwenye waya. Uno ina chipu yenye kumbukumbu ya kutunzia programu ya kilobaiti 32, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti mbili tu, yaani baiti 2,048. Kila herufi ni baiti moja. Aya tatu tu za insha hii zingeijaza pomoni. Chipu za jamii hii zimeziweka kumbukumbu hizo mbili mbalimbali, na kwa kawaida, kabla programu haijaanza hata agizo la kwanza, maneno yote yaliyoandikwa ndani yake hunakiliwa kutoka ile kubwa kwenda ile ndogo. Sentensi arobaini za Kiswahili kizuri zimekula meza yote, na hesabu zinapotafuta pa kukaa zinakaliana.

Matoleo ya zamani ya kihariri, yale ya mfululizo wa 1.0, yalimwonyesha fundi mstari mmoja tu baada ya kuugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine: programu yako imechukua baiti kadhaa, mwisho ni 32,256. Mstari huo ulikuwa wa kweli na ulikuwa unapotosha. Fundi akiona ametumia elfu tisa kati ya thelathini na mbili alishusha pumzi, kumbe nafasi iliyokwisha ni ile nyingine ambayo hakuna aliyemtajia. Mfululizo wa 1.6, ulioanza mwaka 2015, ulikuwa na mstari wa pili. Unasema vigezo vya programu vimekula kiasi gani cha zile baiti 2,048, ni asilimia ngapi, na kimebaki kiasi gani. Ukivuka kiwango fulani linakuja na onyo kwamba kumbukumbu ni haba na programu inaweza kuyumba.

Huo ndio mstari ninaousifu. Ukiutazama kwa haraka ni hesabu ya kutoa na kugawanya tu. Tarakimu zenyewe kompaila, yaani programu inayougeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ilikuwa nazo siku zote. Ila kuna ufundi kwenye kile kiwango cha onyo. Kawaida kimewekwa kwenye asilimia 75. Kwa nini si 100? Kwa sababu kinachohesabiwa ni vitu vinavyokaa daima. Vile vinavyokuja na kuondoka programu inapotembea, kama vigezo vya ndani na kumbukumbu za nani amemwita nani, haviwezi kujulikana kabla bodi haijawashwa. Aliyeandika onyo alijua kwamba hajui, akakata robo nzima kwa ajili ya asichokijua. Angeweka 95, onyo lingewafikia watu wakiwa wameshazama. Angeweka 40, lingepiga kelele kila siku na watu wangelizoea wasilisome. Mtu mwenye uzoefu tu ndiye anayekata namba ya namna hiyo, na namba hiyo imekaa kwenye faili la mipangilio bila sahihi ya mtu.

Na dawa, fundi akishaonywa, ni ndogo mno: aizungushie kila sentensi F na mabano, nayo itabaki kwenye kumbukumbu kubwa bila kunakiliwa. Sentensi arobaini zinarudi zote, na lehemu ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Kuna jambo la nuktamkato pia, ambalo sitalikalia sana kwa kuwa kila aliyewahi kuandika msimbo analijua. Ukiisahau mwishoni mwa mstari wa 23, kwa miaka mingi kompaila ilikuonyesha kidole mstari wa 24, kwa sababu hapo ndipo yenyewe iligutuka. Kimantiki haina kosa. Kwa mtoto wa kidato cha pili anayeutazama mstari wa 24 na kuuona hauna doa, ni kumwonea. David Malcolm, mmoja wa wanaoijenga kompaila ya GCC, ni miongoni mwa watu waliozishughulikia jumbe hizi kwa subira, na toleo la 8 la mwaka 2018 likaanza kuonyesha pale pale nuktamkato inapokosekana, na hata kuichora. Hapakuongezwa uwezo wowote mpya wa kompaila. Kidole kimesogezwa tu, kutoka pale mashine ilipogutuka hadi pale mtu alipokosea.

Jumbe hizo ni za Kiingereza. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili kuanzia menyu mpaka vitufe, na ikaonekana kwamba jambo hilo linawezekana kwa mikono ya watu wa hapa. Kihariri cha maikrokontrola kikitafsiriwa siku moja, mimi ningeanza na kisichoanzwa nacho. Menyu mtu huzizoea kwa mahali zilipo. Baada ya wiki hazisomi tena, anabofya tu. Ujumbe wa kosa husomwa kila siku na kila siku ni mpya. Huo ndio utafsiriwe kwanza, na Kiingereza chake kiachwe chini kwa herufi ndogo, maana mwanafunzi akienda kutafuta msaada mtandaoni kwa maneno ya Kiswahili hatapata kitu, na tutakuwa tumemfungia mlango tulioudhani tunamfungulia.

Si kila kinachoitwa maboresho ni maboresho. Toleo la 2.0 la kihariri cha Arduino, lililokamilika Septemba 2022, lilijengwa upya karibu lote. Linakamilisha maneno unapoandika, linakuwezesha kusimamisha programu katikati kwenye bodi zinazoruhusu na kuchungulia ndani. Ni kazi ya heshima. Pia ni zito kuliko la zamani, na kwenye laptopu ya mtumba yenye kumbukumbu ndogo uzito huo unasikika kwenye feni. Ndiyo maana wapo wanaong'ang'ania 1.8.19, toleo la Desemba 2021, na sioni kwamba wamepitwa na wakati. Kihariri kinachofunguka upesi kabla umeme haujakatika kina ubora ambao hauandikwi kwenye orodha ya sifa.

Mwenye bando dogo ana shida nyingine. Bodi za ESP32, chipu ya kampuni ya Espressif ya China iliyotoka mwaka 2016, zinapendwa kwa kuwa zina Wi-Fi ndani, lakini pakiti ya kuzitumia ni mamia ya megabaiti. Mtu mmoja mjini akishaishusha, wenzake kumi wa Nangurukuru na Kilwa Kivinje hawana sababu ya kununua bando kuishusha tena. Wanaojua hufanya hivi: wanafungua folda ya Arduino15, ambayo kwenye Windows imefichwa, wanaingia kwenye folda iitwayo staging ambako mafaili yaliyoshushwa huhifadhiwa yakiwa bado yamefungwa, wanayanakili kwenye flashi pamoja na faili la orodha ya bodi, wanakwenda kuyabandika kwenye kompyuta nyingine mahali pale pale. Kihariri cha huko kikiyakuta hakishushi tena. Orodha ya bodi tayari inataja ukubwa wa kila faili na alama ya kulithibitisha, kwa hiyo faili lililoharibikia kwenye flashi linajulikana kabla halijafunguliwa. Ningependa mtu auweke utaratibu huo mahali unapoonekana, kando ya jina la bodi kwenye orodha: kitufe cha kunakili bodi kwenye flashi, na kingine cha kuisoma kutoka kwenye flashi. Kiseme kabla ni megabaiti ngapi, na kikatae kwa lugha ya kueleweka flashi ikiwa imejaa nyimbo.