Mtu, Chumba na Kiatu

Vijana wawili wa parokia yetu walinijia siku moja na karatasi nne zilizoandikwa pande mbili. Walitaka kutengeneza filimu fupi ya kutia hofu kwa simu yao, wakaniomba niwasahihishie maneno. Nikasoma. Kabla sijamaliza karatasi ya kwanza, watu watatu walikuwa wamekwisha kufa, wawili kwa kisu na wa tatu sikuelewa kwa nini. Nikauliza, "Huyu anayekufa wa kwanza ni nani?" Wakatazamana. Mmoja akajibu, "Mwalimu, yeye ni wa kufa tu."

Tulicheka, lakini neno lile lilikaa nami. Si vijana wetu peke yao wanaofikiri hivyo. Katika Uingereza kazi ya sinema hufundishwa shuleni kama hesabu na jiografia, na huko vilevile kijana akipewa kamera, upesi anatafuta kisu, kofia ya kufunika uso, na msichana wa kukimbia msituni. Ndiyo sababu nataka leo kusema juu ya filimu moja ya dakika tatu tu, iliyotengenezwa London na watu wenye fedha kidogo. Inaitwa Doodlebug, ya mwaka 1997. Mwenye kuitengeneza ni Christopher Nolan, ambaye jina lake sasa linajulikana duniani kote. Watu humsifu kwa filimu zake kubwa. Mimi napenda kumpima kwa hii ndogo, maana katika nyumba ndogo ufa unaonekana upesi.

Lakini kwanza nieleze mtihani wa shule za Uingereza, kwa sababu utatusaidia kuhukumu. Tangu mwaka 2008, kwa muda wa miaka karibu kumi, halmashauri ya mitihani iitwayo OCR iliwapa wanafunzi wa miaka 16 ao 17 kazi hii: watengeneze mwanzo wa filimu mpya, pamoja na maandishi ya majina, usiozidi dakika mbili. Hawakulazimishwa kuchagua habari ya hofu, ila wengi walichagua hiyo. Maksi zilikuwa 100: 20 za kutafuta na kupanga, 60 za filimu yenyewe, 20 za kujipima kiisha kazi. Mpango ule umekwisha kubadilishwa. Ndani yake kulikuwa na jambo dogo lililotangulia mengine yote, nalo ndilo lililonipendeza. Kabla ya kugusa filimu yake, mwanafunzi alipaswa kupiga picha ya mtu anayefungua mlango, anapita chumbani, anaketi kitini mbele ya mwenzake, wanasemezana maneno mawili matatu. Basi. Hakuna anayekufa.

Nasikia wengi waliliona zoezi lile kuwa la watoto. Walikosa. Mkono ukishika kitasa cha mlango katika picha ya nje, katika picha ya ndani mkono ule ule sharti uendelee kusukuma pale pale ulipofikia, hata mtazamaji asione kwamba vipande viwili vimeunganishwa. Wawili wakiongea, mmoja atazame kuume na wa pili kushoto, ndipo tunasadiki kwamba wanatazamana. Tena kamera ikae upande mmoja wao siku zote. Fikiri mtu anayetazama mpira wa miguu: ukimhamisha ghafula mpaka upande wa pili wa uwanja, timu iliyokuwa ikienda kushoto inaenda kulia, naye hajui tena ashangilie goli gani. Mtazamaji aliyepotea hawezi kuogopa. Anauliza tu yuko wapi. Ili aogope, sharti ajue mlango uko upande gani, kiti kiko wapi, na kati ya kiti na mlango kuna hatua ngapi.

Sasa turudi kwa Nolan. Yeye hakusoma sinema. Alisoma fasihi ya Kiingereza katika University College London, akamaliza mwaka 1993. Ila chuo kile kilikuwa na chama cha sinema cha wanafunzi, naye alikiongoza. Yeye na Emma Thomas, aliyekuja kuwa mke wake, walionyesha filimu kubwa za milimeta 35 wakati wa masomo, na fedha iliyopatikana wakaitumia wakati wa likizo kutengeneza filimu zao ndogo za milimeta 16. Doodlebug ilitoka miaka minne baada ya masomo, lakini ni ya namna ile ile: filimu ya milimeta 16, nyeusi na nyeupe, chumba kimoja, mchezaji mmoja, Jeremy Theobald, na muziki wa David Julyan.

Habari yenyewe ni hii. Mtu mchafu, mwenye wasiwasi, yumo katika chumba kichafu. Mkononi ana kiatu. Kuna kitu kidogo kinakimbia sakafuni, naye anakiwinda: anainama, ananyata, anapiga, anakosa. Sisi twafikiri ni mdudu. Kumbe kile kidogo ni mtu, tena ni yeye mwenyewe, mdogo kama mdudu, na chochote anachofanya yule mdogo, huyu mkubwa anakifanya nyuma yake kidogo. Mwishoni anampata, anampiga kwa kiatu, anamponda. Mara hiyo, juu ya mabega yake, unatokea uso wake yeye mwenyewe, mkubwa kupita chumba, na kiatu kinashuka.

Mara ya kwanza nilipoitazama nilishtuka, kiisha nikacheka, kiisha nikaiweka kando. Nilisema moyoni: ni kitendawili, na kitendawili kikiisha kuteguliwa hakina kazi. Siku chache baadaye niliitazama tena, kwa ajili ya wale vijana wawili, na hapo tu ndipo nilipoogopa. Kwa nini mara ya pili? Kwa sababu sasa nilijua. Mtu akiinama na kiatu, nilitazama sakafuni na nilitazama juu. Kila alipouinua mkono nilitaka kumwambia aushushe. Picha ni zile zile, dakika ni zile zile tatu. Kilichoongezeka ni ujuzi wangu.

Mwingereza mwingine alikwisha kulieleza jambo hilo vizuri kuliko mimi. Alfred Hitchcock, aliyezaliwa London mwaka 1899 na kusoma utotoni kwa mapadri Wajesuiti katika St Ignatius College, alizungumza mwaka 1962 na Mfaransa François Truffaut, mtengenezaji wa filimu kama yeye, na mazungumzo yao yakawa kitabu. Alitoa mfano wa watu wawili wanaoongea mezani. Chini ya meza kuna bomu. Kama mtazamaji hana habari, bomu likipasuka atashtuka kwa sekunde 15. Lakini kama alioneshwa bomu likiwekwa, tena anajua saa ya kupasuka, na ukutani kuna saa, basi maongezi yale yale ya bure yatamtesa kwa dakika 15. Hapo kila neno ni zito. Mtu anataka kupiga kelele: acheni maneno, tazameni chini ya meza!

Kwa kipimo hicho naona kosa la Doodlebug. Nolan alikuwa na bomu zuri sana mkononi, ni kusema yule mtu mdogo anayetangulia kufanya kila jambo. Mwindaji anaona kwa macho yake mambo yatakayompata yeye mwenyewe. Ni onyo gani kubwa kuliko hilo? Lakini mwongozaji anatuficha mpaka karibu ya mwisho, anatufunulia, na upesi anamaliza. Alichagua sekunde 15 akaziacha dakika. Tena alimwacha yule mtu bila nafasi ya kuelewa. Kama angalisimama kidogo, kiatu kikiwa juu, akatazama dari, akatambua, kiisha akapiga vilevile kwa sababu amezoea kupiga, hiyo ingekuwa filimu ambayo mtu haisahau maisha yake yote. Filimu kama tulivyopewa inamwua kama wale vijana wangu walivyomwua mtu wao wa kwanza.

Siyo sawasawa kabisa, nakubali. Juu ya mtu huyu twajua jambo moja: namna anavyokitendea kitu kilicho chini yake. Hatujui jina lake wala kazi yake, lakini kiatu kimesema mengi. Na jina la filimu limechaguliwa kwa akili. Doodlebug ni jina ambalo watu wa London waliyapa mabomu ya Wadachi yaliyoruka bila rubani, yaliyoanza kuwaangukia mwezi wa Juni 1944. Mtambo wake ulivuma angani, na watu walizoea kusikiliza. Mvumo ukiendelea, bomu linapita. Mvumo ukikatika, linaanguka, na hapo kulikuwa na kimya cha sekunde chache ambamo kila mtu alingoja. Mzee wa London akilisikia jina hilo atatazama juu, si chini sakafuni. Kwa hiyo onyo tulipewa tangu maandishi ya mwanzo.

Mwaka uliofuata, 1998, Nolan alitoa filimu yake ndefu ya kwanza, Following, ya dakika 70 hivi, na hapo naona amejifunza. Fedha ilikuwa kidogo mno, karibu paundi 3,000 za Uingereza. Theobald alicheza tena. Kwa kuwa wote walikuwa na kazi zao, walipiga picha siku za Jumamosi tu, karibu mwaka mzima. Filimu ya milimeta 16 ni ya bei, hawakuweza kuiharibu. Basi walirudia mazoezi ya kila sehemu mara nyingi kabla ya kuwasha kamera, ili picha ipigwe mara moja ao mbili, basi. Taa kubwa hawakuwa nazo. Walitumia mwanga wa dirishani. Ukosefu ule uliwalazimisha kupanga. Kijana wa leo ambaye simu yake inapiga picha saa nzima bila gharama hana kinachomlazimisha, na hapo ndipo umaskini wake ulipo. Seminarini tulikatazwa kuanza kuandika mahubiri kama hatujui neno la mwisho. Wakati ule niliona ni ukali wa bure.

Katika Following kuna kijana anayefuata watu wasiomjua katika njia za London. Anasema anatafuta habari za kuandika. Amejiwekea sheria: mtu mmoja asimfuate mara mbili. Anaivunja. Anamfuata mwanaume mmoja, Cobb, mpaka nyumba ya kahawa, anaketi, na Cobb anamwendea, anaketi mezani pake, anamwuliza kwa nini anamfuata. Tazameni, ni lile zoezi la shule: mtu anapita chumbani, anaketi mbele ya mwenzake, wanasemezana. Hakuna silaha mezani, na mimi nilishika kiti changu. Nilikuwa najua kitu kimoja tu, kwamba sheria imevunjwa. Cobb ni mwizi wa nyumba, naye atamvuta yule kijana katika kazi yake hatua kwa hatua, na kila hatua tunaiona, na kila hatua angaliweza kurudi.

Hitchcock alisema jambo jingine juu ya bomu lake, na hili wanafunzi hulisahau. Katika filimu yake Sabotage ya mwaka 1936, mtoto anabeba kifurushi chenye bomu katika London bila kujua. Sisi tunajua. Anachelewa njiani, anapanda basi, saa inafika, bomu linapasuka na mtoto anakufa. Watazamaji walikasirika, na baadaye Hitchcock alikiri kwamba alikosa. Ukiisha kumfanya mtazamaji ampende mtoto na kumhangaikia, huwezi kumwua kama unazima taa.

Nimewaonyesha wale vijana wawili Doodlebug kwenye simu ile ile. Walicheka mwishoni kama nilivyocheka mimi. Nikawaambia watazame tena, na mara ya pili hawakucheka. Yule aliyesema "ni wa kufa tu" aliuliza kama yule mkubwa wa mwisho naye ana mwingine juu yake. Karatasi zao nne bado ziko kwangu. Wameahidi kuleta nyingine, moja tu, na mwenzake amekwisha kuchora juu yake mlango, kiti, na mshale unaoonyesha kamera itakaa upande gani.