Ugumu Mmoja, Sifa Nne: Uhakiki wa Istilahi za Metali Chini ya Mkazo

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili cha kiufundi kinavyoeleza hali ya metali inapokunjwa, inapovutwa au inapofuliwa. Hoja yetu ni kwamba neno *ugumu* limebebeshwa dhana nne ambazo sayansi ya metali huzitenganisha: ukinzani wa uso dhidi ya kubonyea, uwezo wa kuhimili mzigo bila kupinda moja kwa moja, ukakamavu, na ustahimilivu dhidi ya kuvunjika.

Athari yake hudhihirika katika sentensi hii: "Metali ikifuliwa baridi huongezeka ugumu." Waya wa shaba ukikunjwa mara ya kwanza hutii, ukikunjwa tena na tena pale pale hukaidi, kisha hukatika. Mwaka 1934, G. I. Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja katika makala yake, walieleza kasoro za mistari katika mpangilio wa atomi. Kasoro hizo zikisogea, metali hubadili umbo, zikizidi, huzuiana. Kwa hiyo sentensi hiyo ni kweli kwa maana mbili za kwanza. Kwa maana ya tatu si kweli, kwani ukakamavu haubadiliki ila kidogo sana. Kwa maana ya nne, aghalabu ni kinyume cha ukweli.

Udhaifu wa pili umo katika *unyumbufu*, neno linaloweza kumaanisha kurejea umbo la awali mkazo uondolewapo, au kurefuka bila kurejea. Kwa mjenzi tofauti hii ni nzito: nondo njema hurefuka na kuonya kabla ya kukatika.

Huenda ikapendekezwa tufufue istilahi ya wahunzi, *kutia matiko*. Lakini matiko ni kazi ya moto na maji. Hapa metali hushupaa bila moto, na moto ndio huilainisha tena.

Tunapendekeza *ugumu* ubaki kwa uso, *nguvu* kwa mzigo, *ukakamavu* na *ustahimilivu* kwa maana zake. *Unyumbufu* kwa kurejea, *uvutikaji* kwa kurefuka, na *ushupaaji baridi* kwa tukio lenyewe. BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zizijadili pamoja na wahandisi kabla ya viwango vya vifaa vya ujenzi kutafsiriwa. Kiwango kinachodai nondo "ngumu" bila kubainisha maana hakipimiki maabara, wala hakiteteeki mahakamani jengo liangukapo.